Mita Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi
Lo! Mkuu wa karakana anastaafu! Asubuhi Meneja alituita mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi mwenzangu hapa kiwandani tunapopaka vitambaa rangi. Akasema Ijumaa wanakuja wakaguzi wa maji machafu. Matangi manne, mita nne za kupima maji, zote zisomeke kwenye kompyuta ya ofisini. Zisiposomeka, kiwanda kinafungwa. Atakayefanya kazi safi ndiye mkuu mpya.

Shemeji akaniachia nichague matangi. Nikachukua la kwanza na la pili, kwa heshima ya namba. Saa moja baadaye nikagundua ndiyo ya mbali kuliko yote, kule kwenye mfereji. Yeye kabaki na la tatu na la nne, hatua chache kutoka ofisini. Njama tupu! Mke wangu nimemwambia cheo nimeshapata.

Jumanne, 4 Machi
Nimechimba mtaro mpaka mgongo umekufa ganzi. Kebo ni moja kwa wote: inatoka ofisini, inapita mita ya nne, ya tatu, ya pili, inaishia kwenye ya kwanza. Kompyuta inaita kila mita kwa namba yake. Iliyoitwa inajibu, nyingine zinanyamaza. Zangu zilinyamaza hata zilipoitwa! Nikalaumu duka. Nikalaumu jua. Shemeji akaja, akasema nyaya mbili zimepishana tu, akazigeuza. Sekunde kumi! Mita zikaanza kuongea. Nikageuka, kumbe Meneja kasimama nyuma yetu. Afadhali shemeji angenitukana.

Nyumbani nikaambiwa mama mkwe amepiga simu kunipongeza kwa cheo.

Jumatano, 5 Machi
Mpango umeiva. Saa saba mchana, watu wakiwa wanakula, nilinyata mpaka tangi la tatu. Kijitabu cha mita kinasema ukibonyeza kitufe sekunde kumi, mita inasahau kila kitu na kurudi kama ilivyotoka kwa walioitengeneza. Nikabonyeza. Nikaenda kula kwa raha zangu.

Niliporudi ofisini, mita ya tatu haionekani. Safi! Kisha nikatazama ya kwanza. Macho yakanitoka. Mita yangu! Mara inajibu upuuzi, mara haijibu kabisa. Nikafungua ukurasa wa tatu wa kijitabu, ambao nilikuwa nimeuruka. Kila mita huja ikiwa namba moja. Mungu wangu! Sasa namba moja ikiitwa zinaitika mbili kwa pamoja, hakuna inayosikika. Kama nyumbani nikiuliza swali, wakajibu mke na mama yake.

Alhamisi, 6 Machi
Kuirudishia namba yake ni kazi ya dakika moja. Lakini nimtengenezee shemeji mita yake kwa sababu gani? Nikaamua kuinyamazisha. Nikafungua skrubu, nikang'oa nyaya zake zote, zinazoingia na zinazotoka. Nikaingia ofisini kifua mbele.

Namba moja, hakuna. Mbili, hakuna. Tatu, hakuna. Nne peke yake, inang'aa.

Nikakaa chini sakafuni. Kebo inapita tangi la tatu kabla ya kufika kwangu. Nimejikata mwenyewe! Karani akaniuliza kama naumwa, akaniletea maji. Nikatoka mbio kwenda kurekebisha. Nikakuta shemeji kashapiga magoti pale, bisibisi mkononi.

Ijumaa, 7 Machi
Wakaguzi wamekuja saa tatu. Mita zote nne zinaongea. Walipoondoka, Meneja akauliza jana kulitokea nini. Shemeji akajibu kuwa nyaya zililegea. Zililegea! Nilikodoa macho. Baadaye akanivuta pembeni, akanionyesha kitambaa chenye doa la buluu. Ndicho alichofutia kile kitufe cha mita ya tatu. Kitufeni palikuwa na alama ya dole gumba zima, na Jumatano niliyekuwa kwenye pipa la rangi ya buluu ni mimi peke yangu. Akaniambia taratibu, shemeji, uwe unanawa mikono.

Alijua! Alijua, na hakusema! Angesema ningekana, ningelalamika, ningeapa. Sasa nimkane nani? Cheo kapewa yeye mbele ya wafanyakazi wote. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mikono ilikwenda yenyewe.

Nyumbani mke wangu hakuniuliza kitu. Aliweka chakula mezani, akaenda chumbani kumpigia kaka yake simu ya hongera. Hilo limeniuma kuliko cheo.

Jumamosi, 8 Machi
Mshtuko mwingine! Mkuu mpya amenikabidhi mita zote nne nizitunze, eti ananiamini. Mbele ya Meneja! Huku ni kunidharau waziwazi.

Nimesoma kijitabu chote leo, hata ukurasa wa tatu. Nusura niruke kitini. Amri ikitumwa kwa namba sifuri, mita zote huitii kwa mpigo mmoja. Wakaguzi wanarudi mwezi ujao. Asubuhi hiyo nitatuma amri moja tu: mita zote zichukue namba ileile. Shemeji atahangaika jasho likimtoka mbele ya wageni, nami nitajitokeza kuwaokoa.

Na kosa la Jumatano silirudii. Namba moja ina mkosi. Nimechagua saba.