Mguu wa Kitanda Changu Uko Ukutani mwa Kanisa

Kwa Mchungaji Ojwang,
Sarang'ombe.

Bwana asifiwe, Mtumishi. Ni mimi Murunga, fundi wa mjengo, mume wa Sella wa kwaya. Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa nimekaa juu ya kitanda kilichoinama.

Ulipotangaza kila muumini alete bloku moja tujenge kanisa, niliitikia amina kwa sauti. Kumbe Sella angechomoa ile ya mguu wa kitanda akuletee! Hapa mtaani Raila kitanda hupandishwa juu ya bloku nne, mvua ikija maji yapite chini yetu. Hizo zangu nilizitoa kwa nyumba iliyobomolewa Gatina, nikazigonga saruji kuukuu ikatoka, nikazibeba begani moja moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sella ni mjamzito, siku zimekaribia. Kila akigeuka ananiporomokea, halafu ananiuliza mbona namsukuma.

2. Nilitoa bloku iliyokandamiza mabati nikaitia kitandani. Upepo ukafunua paa. Nikatoa ile ya kuvukia mtaro nikaipandisha kwa paa. Jirani yetu Mama Mitchelle akatumbukia mtaroni na karai la mandazi. Akaingia kwangu, akabeba ile ya kitandani kama fidia. Hatusemezani. Haya yote ni kwa sababu ya tangazo lako.

3. Bloku yangu nimeiona. Ina rangi ya kijani upande mmoja, iko kozi ya tatu ya bloku kutoka chini, karibu na mimbari. Na ole wangu, niliijenga mwenyewe siku ile ya kujitolea, bila kujua ni yangu! Niliipiga pimamaji, nikaisifu mbele ya wazee wa kanisa, nikamwombea baraka aliyeitoa.

4. Kwa hivyo naomba ukuta ubomolewe. Ikiwa ni vigumu, basi kitanda kifuate mguu wake, tuhamie hapo kanisani. Hatutasumbua ibada. Wako wanaolala kwenye mahubiri yako wakiwa wamekaa, na hakuna aliyewahi kuwafukuza.

Mchungaji, sitanii. Wingu limekaa vibaya, na naogopa mtoto atazaliwa majini.

Msalimie Mama Mchungaji, kwaya yote, na mzee wa kanisa anayeshika ufunguo.

Ni mimi, kondoo wako aliyelala upande,
Murunga

N.B. Kabla sijaleta barua hii, mvua imenyesha. Maji yalipanda kuliko bloku, hata zingekuwa nne. Kitanda kilielea mpaka mlangoni, kikavunjikia hapo. Asante kwa kutufungulia kanisa. Sella amelala karibu na mimbari, mgongo kwenye ile ya kijani, mkavu kabisa, na mtoto anacheza tumboni. Mama Mitchelle yuko kando yake, ametugawia mandazi. Tafadhali huo ukuta usiguswe. Zile tatu zilizobaki nitaleta Jumapili, na yeye ataleta yake. Tayarisheni saruji, mwiko ninao.