Nimeunga Tezi za Atupele na Nyanya

Leo nimepika kazi ya mdogo wangu. Nimeiunga na nyanya na vitunguu, nikawakaribisha wageni.

Atupele mnamjua, yule niliyemlea baada ya mama kufariki. Mimi niliishia darasa la sita ili yeye asiishie hapo. Sasa ni mtafiti huko Mbeya, anachunguza jinsi seli za mwili zinavyomwaga homoni kwenye damu. (Sokoni nikiulizwa nasema, "Yuko kwenye mambo ya damu." Wanatikisa kichwa, na mimi natikisa.)

Asubuhi alifika hapa kwangu Tunduma na mkubwa wake wa kazi, Profesa, mzee mpole, pamoja na dereva. Walikuwa wametoka machinjioni. Sikuuliza walifuata nini. Nani ana muda wa kuuliza? Mara ya mwisho Atupele kuja nyumbani tulikuwa tunamzika shangazi. Nilimkumbatia, nikamwambia aende akaoge, maji ya moto yapo.

Gari lilikuwa juani, kwa hiyo alikuwa ameacha ndoo yenye mfuniko kivulini, mlangoni mwa jikoni. Kwetu mgeni haji mikono mitupu, na mwenyeji haulizi, "Hiki ni cha nani?" Unapokea, unapika, mgeni anakula alicholeta. Nikafungua. Barafu, na katikati mfuko wa vinyama vidogo vya pembetatu vimelowa maji ya chumvi. Figo si figo, ini si ini. Jamani, nilitaka kulia. Tulipobaki yatima nilikuwa nawapikia wadogo zangu mabaki ya machinjioni, vile vipande visivyo na mnunuzi. Nikasema, mtoto hajasahau. (Na chumvi ameshatia! Msomi huyo.)

Nikakata. Nikakaanga. Nikasonga ugali.

Profesa akala. Akaongeza.

"Dada mkubwa, nyama laini hii! Sijawahi kula kitu kama hiki."

"Mshukuru Atupele, Profesa. Kaileta mwenyewe."

Tonge likamsimama mdomoni. Wakati huohuo Atupele akaingia, anafunga kitambaa kichwani.

"Dada, ile ndoo umeiweka wapi?"

"Ipo. Nimeshaiosha."

"Umeiosha?"

"Imetakata kabisa."

Akatazama bakuli. Akamtazama Profesa. Profesa akameza. (Angefanyaje? Lilikuwa limeshafika kooni.)

"Dada, zile ni tezi za utafiti. Zilitakiwa zifike maabara leo, seli zake zikiwa hai."

"Hai? Mbona zilikuwa zimetulia?"

Dereva akatoka nje kucheka. Nilimsikia mpaka yuko getini. Profesa hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Akanieleza taratibu, kama anayempa mtu habari ya msiba: ng'ombe wanachinjwa alfajiri tu, mashine ya kupimia ni ya kuazima, zamu yao ilikuwa leo, na zamu nyingine hawajui lini. Nami nimesimama na mwiko mkononi. Nilitamani niwe moshi nitokee dirishani.

Atupele nilimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani umetuletea mboga."

"Najua, dada." Akageuka kunitazama. "Unakumbuka mama alivyokuwa akishikwa?"

Nisikumbuke vipi? Kichwa kinamgonga, moyo unampiga mpaka kanga inatikisika kifuani, jasho linamtiririka na nje ni baridi. Walisema mapepo. Wakamwombea, wakamfukiza. Siku ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nimemshika.

"Tezi hizo zinakaa juu ya figo," akasema. "Hata mtu anazo. Zikiota uvimbe zinaweza kumwaga homoni ovyo, mtu akawa vilevile kama mama. Labda ndicho kilichomuua. Labda sicho. Hakuna aliyempima, hatutajua."

"Ndiyo maana ukasomea haya?"

"Nilikwambia nasomea nini, dada? Nilikwambia damu, kwa kuwa nilijua ungelia."

Nikalia. Miaka yote hii najisifu kwa watu kwamba mdogo wangu amekwenda mbali. Kumbe alikuwa bado kitandani kwa mama, anatafuta kilichomshika. Na mimi nimekitia kwenye mafuta ya moto.

Wameondoka na ndoo tupu. Nimemwambia zamu ikipatikana anipigie. Nitakwenda naye machinjioni, halafu ndoo nitaipakata mimi mwenyewe mpaka Mbeya, na atakayegusa mfuniko tutagombana.

Sufuria liko mbele yangu, mboga imebaki kidogo. Kula siwezi. Kumwaga siwezi.

Wa kucheka acheke kimoyomoyo. Ila kuanzia leo, ukija kwangu na kifurushi, sema mlangoni kama kinaliwa.