Mzinga wa Desemba Utakuwa Wangu

Jumatatu, 7 Julai

Nimemaliza shule majuzi tu na tayari nina kazi ya maana. Kikosi cha zimamoto cha kijiji kimetangaza mashindano ya kutafuta kasha lililofichwa. Mafumbo matano, wiki moja. Yote yanahusu vita vya Slavkov, vile ambavyo Wafaransa huviita Austerlitz, Napoleoni alipowachapa makaisari wawili kwenye mashamba yetu asubuhi moja ya baridi. Tarehe 2 Desemba. Mtoto wa hapa huijua tarehe hiyo kabla ya siku yake ya kuzaliwa.

Atakayelipata kasha atawasha mzinga wa baruti kwenye kumbukumbu ya vita, Desemba, mbele ya umati wote.

Nimeutaka mzinga huo tangu nina miaka sita. Bibi husema mimi huwaamkia watu kwa kope. Kweli. Dukani hunyoosha kidole. Lakini mtu akishawasha mzinga, nani tena atamwambia aongeze sauti?

Sheria ni watu wawili kutoka nyumba moja. Mimi nina Bibi tu. Akili anayo. Masikio ndiyo yamechoka, na chochote anachokisikia hukitangaza sokoni. Nimeamua kutomwambia lolote. Mpango mzuri.

Jumatano, 9 Julai

Mafumbo manne nimeyafumbua. Hedvika naye manne. Tulisoma darasa moja, na sauti yake hufika kituo cha basi kabla ya yeye mwenyewe. Anashindana pamoja na baba yake. Leo aliniuliza mbele ya watu kama nimekuja kushindana au kuwashikia mlango. Nikamjibu vikali sana, kichwani.

Fumbo la mwisho limebandikwa kwenye mlango wa zimamoto. Linasema Napoleoni alisimama kwenye kilima cha Žuráň asubuhi ya vita akalitazama jua likichomoza. Uelekee upande uleule hadi msalaba wa kwanza wa mawe. Kuchimba hakuruhusiwi kabla ya Jumamosi saa mbili asubuhi.

Hedvika alisema kwa sauti kubwa kwamba haelewi hata nukta. Mimi nilielewa nikiwa bado nasoma.

Alhamisi, 10 Julai

Niliamka kabla ya kuku. Baiskeli, dira ya marehemu Babu, mkate wa siagi. Nikasimama Žuráň palepale aliposimama Napoleoni. Jua likachomoza kaskazini-mashariki, zuri, halina ukungu. Nikapima. Nikaukata mstari ulionyooka katikati ya viazisukari hadi msalaba wa kwanza. Uko nyuma ya lundo la samadi la ushirika. Harufu kali. Pahali pazuri pa kuficha kitu, maana hakuna anayekaa.

Nani mwingine angefikiria kwenda kuliona jua lenyewe? Wengine wanasoma vitabu.

Ijumaa, 11 Julai

Leo ilikuwa zamu ya hila.

Timu zote zilitakiwa kugonga mihuri kwenye Mnara wa Amani, kilimani. Kila mtu hapa anajua siri ya kanisa dogo lililo ndani yake. Ukinong'ona ukutani kwenye pembe moja, aliye pembe ya mkabala anakusikia kana kwamba umemlalia begani. Na mtu anayejua kunong'ona kuliko mimi hajazaliwa.

Nikangoja Hedvika asimame kwenye pembe yake. Nikamvuta Bibi kwenye yangu. Nikamnong'oneza kwamba kasha liko kwenye msalaba wa chini ya miplamu, kusini-mashariki. Nilichagua upande huo kwa sababu uko mbali kabisa na mstari wangu.

Bibi akasema, "Unasemaje?" Hedvika akatoka mbio.

Sijawahi kujipenda hivi.

Jumamosi, 12 Julai

Saa mbili kamili nilitia jembe. Saa mbili na robo nikasikia king'ora cha gari la zimamoto, ambacho ni ishara kwamba kasha limepatikana. Kilitoka kusini-mashariki. Kwenye miplamu.

Nikachimba dakika kumi zaidi, kwa heshima ya hesabu zangu.

Nyumbani nikamweleza Bibi yote, kwa kumwandikia karatasini. Akavaa miwani, akasoma, akanipeleka dirishani. Akasema, "Mjukuu wangu, Julai jua linatoka pale, juu ya mcheri wa jirani. Desemba linatoka kule, nyuma ya ghala. Haya, Napoleoni alikuja kuchuma cheri?"

Kisha akaenda sokoni.

Jumapili, 13 Julai

Hedvika alikuja na sinia la vitumbua vya plamu. Nikajificha jikoni. Bibi akamwambia nilipo.

Hedvika alisema amejua tangu Ijumaa kwamba nilimpa jibu makusudi, kwani nani asiyejua pembe zile. Alisema hajawahi kufanyiwa wema wa namna hiyo, na kwamba samahani kwa lile neno la mlango. Nilikuwa na kitumbua mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Kumbe mzinga unahitaji watu wawili, mmoja wa kuwasha na mmoja wa kutoa amri. Baba yake anaogopa kishindo. Basi ameomba mimi nitoe amri. Neno moja tu, "Washa", lakini lazima lisikike hadi barabarani.

Nikakubali papo hapo. Bibi alidhani nimekuwa jasiri.

Nimekaa mchana kutwa nikilipanga jambo hili na sioni pa kulikosoa. Desemba nitasimama wima, nitavuta pumzi, nitanong'ona. Hedvika hatasikia. Nitanong'ona tena. Umati utanung'unika kwa baridi. Mkuu wa zimamoto atalazimika kutubadilisha nafasi: mwenye sauti atoe amri, mimi nishike moto.

Bibi sitamwambia. Nimeanza mazoezi ya kunong'ona.