Kifumulio cha Cheptanui

Jumatatu, 4 Machi 1957

Vumbi la ziwa lililokauka tangu asubuhi. Nimefuta cherehani mara tatu. Suruali mbili za karani wa reli, kola moja. Kazi hafifu.

Saa nane akaja Cheptanui. Siku ikawa njema.

Huyu ndiye anayewafundisha akina mama wa kanisa letu kushona. Anaunganisha mfarishi wa vipande, vitambaa vidogo vidogo vya kila rangi, ampelekee mama yake kule Subukia. Mama aliugua kifua, na tangu hapo hapati joto. Kila Jumatatu na Alhamisi Cheptanui huniletea vipande vilivyoshonwa vibaya na wanafunzi wake, nami humfumulia kwa wembe hapa verandani. Yeye hukaa kwenye kiti kidogo na kungoja. Mshono wa dakika kumi mimi huufumua kwa saa nzima. Hajawahi kulalamika.

Leo amesema amechoka kunisumbua. Anataka kifumulio chake mwenyewe, kile kidude cha chuma chenye panda. Ameniomba nimchagulie kizuri, kwa kuwa mimi ndiye fundi.

Nimesema nitamchagulia. Ningesema nini? Akiwa nacho atafumulia nyumbani. Mimi nitabaki na karani wa reli.

Jumanne, 5 Machi

Nimeingia dukani kwa Bwana Popatlal, mwenye veranda hii. Ana vifumulio viwili kwenye droo.

Cha kwanza ni raha tupu. Mpini wa mbao, mnene, haugeuki kiganjani. Ncha ndefu ni nyembamba, inaingia chini ya mshono mdogo kabisa. Ncha fupi ina kitone chekundu, ili kitambaa kiteleze kisichomwe. Makali yako ndani ya panda. Nimekigusisha kwenye uzi, uzi ukaachana kabla sijasukuma.

Cha pili ni aibu. Mpini kama njiti ya kiberiti. Ncha nene. Kitone hakuna. Makali yanatafuna uzi badala ya kuukata. Popatlal mwenyewe amesema kimo humo tangu kabla ya vita, na kwamba anaona haya kukiuza.

Nimenunua vyote viwili. Kibaya ni cha Cheptanui. Kitamshinda kwa siku mbili, atarudi kwangu. Kizuri nimekitia mfuko wa ndani wa koti, Popatlal asije akamuuzia.

Mpango hauna tundu hata moja.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempa. Amekigeuzageuza kiganjani. Amesema yeye hajui vifaa, lakini ananiamini mimi.

“Fundi, wewe huwezi kunipa kibaya.”

Nimejifanya natafuta kifungo chini ya meza.

Hakukaa. Hakuwa na la kungojea. Kiti kimekaa kitupu hadi jioni, na ikabidi nikitazame, kwa sababu kiko mbele yangu. Zeddy, fundi wa veranda ya pili, ameuliza kama mwalimu ni mgonjwa. Nimemwambia ashughulike na vitundu vyake vya vifungo, ambavyo mji mzima unajua havilingani.

Jumatatu, 11 Machi

Siku nne. Hajaja. Sikujua alasiri ya Nakuru ni ndefu hivi. Treni ya saa tisa imepita, nikadhani ni ya jioni.

Nimetoka kidogo, nikapita karibu na kanisa. Kwa bahati tu. Mara tatu. Dirisha lilikuwa wazi. Nimemwona ameinama, anahangaika na kile kidude, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Halalamiki. Anavuta uzi mmoja, anapumzika, anavuta mwingine. Akaniona, akauliza kwa mbali naenda wapi. Nikasema posta. Posta iko upande wa pili wa mji.

Ameshukuru tena kwa kifumulio.

Jumanne, 12 Machi

Amekuja! Lakini si kama nilivyopanga.

Amekuja mbio, macho mekundu, mfarishi kwenye kikapu. Kidude kiliteleza. Kimepasua kipande cha buluu katikati kabisa, mpasuko wa urefu wa kidole. Na hicho cha buluu si kitambaa cha dukani. Ni mgongo wa shati la marehemu baba yake. Mama hajui kama shati hilo bado lipo. Ilikuwa amfunulie siku atakayompelekea mfarishi. Lori la maziwa linalopanda Subukia litamchukua Jumamosi.

Halafu akaniomba radhi. Yeye aniombe mimi! Amesema mkono wake ni mzito, ameshindwa kukitumia kifaa nilichomchagulia kwa moyo.

Nilitamani cherehani inimeze.

Bahati, mkono mmoja wa shati ulikuwa umebaki nyumbani kwake. Nimemwambia kipande chote cha katikati kitatoka na kingine kitaingia. Amesema kesho na keshokutwa atakaa nami mpaka kiishe.

Nimefurahi. Ndiyo, naandika ukweli, nimefurahi. Kisha nikajionea haya, kisha nikafurahi tena.

Alhamisi, 14 Machi

Jana na leo. Siwezi kuandika vizuri.

Kitambaa cha shati ni kikuukuu, ukikipumulia kinachanika. Wembe ungekimaliza. Nilipoona hivyo nikageukia ukutani, nikatoa kile kizuri kwenye koti. Nikakifunika kwa kiganja. Nyuzi zikaanza kuachana moja moja, kimya.

Yeye ameketi karibu yangu alasiri mbili. Magoti yake karibu yaguse meza. Amenisimulia ukungu wa Subukia, jinsi mama yake anavyoita kila ng'ombe kwa jina na wao wanaitika, na jinsi baba yake alivyokuwa akivaa shati hilo siku za mnada tu. Mimi nilisema machache. Nilitaka tu aendelee. Kama ningeambiwa nifumue reli yote kutoka hapa hadi Naivasha naye akiwa pembeni, ningeanza leo.

Leo saa kumi nimeinuka kuchukua uzi. Niliporudi alikuwa amekishika. Alikijaribu kwenye mshono mmoja. Uzi ukaachana. Akajaribu mwingine.

Akauliza nilikinunua lini.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Sijui ulikwenda wapi. Nikasema siku ileile niliyonunua chake.

“Kwa nini, Naftaly?”

Hakusema fundi. Ni mara ya kwanza.

“Ungekuwa na hicho, usingekuja.”

Zeddy kule veranda ya pili akasimamisha cherehani yake ili asikie vizuri. Mimi nikashona kipande cha mwisho, na nashangaa mshono umenyooka. Cheptanui akakunja mfarishi taratibu. Kizuri akakitia kikapuni mwake. Kibaya akakiacha mezani kwangu. Akashukuru kwa ile kazi. Kwa ile kazi tu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda kwenye lori la maziwa. Nilisimama nyuma ya mikebe mitupu ili nisionekane. Nikaonekana.

Alikuwa amekaa mbele na dereva, mfarishi mapajani, kipande cha buluu kikiwa juu. Akaniita. Nikasogea hadi dirishani, kofia mkononi. Akasema bado ana hasira. Akasema mama ataufurahia mfarishi, na kwamba yeye atarudi kabla ya Pasaka. Dereva akawasha injini. Cheptanui akainama nje kidogo.

“Ukitaka nije, Naftaly, sema tu. Nitakuja.”

Lori likaondoka. Nimesimama pale mpaka wapakiaji wakaniomba niwapishe.

Jumapili, 17 Machi

Nimetafakari maneno yake kanisani, ibada nzima. Sema tu! Ni heshima zake, mtu aliyelelewa vizuri. Mwanamume hawezi kusimama mchana kweupe akamwambia mwalimu wa kushona, njoo ukae, bila sababu. Sababu lazima iwepo.

Nashukuru nimeiona. Baada ya ibada nilichungulia chumba cha akina mama. Mkanda wa cherehani yao umechakaa. Nimemwendea mchungaji, nikajitolea kuubadilisha bila malipo. Amenibariki mbele ya watu. Nitaenda Jumanne. Nikiuacha umelegea kidogo, kidogo tu, utakuwa ukichomoka mara mbili kwa wiki na itambidi Cheptanui aniite, kwa maana fundi mwingine wa karibu hapo ni Zeddy, ambaye nitaeleza kuwa anaugua kifua.

Safari hii haiwezekani nikakosea.