Kuku wa Boksi Ameniumbua

Leo nimeumbuliwa, ndugu zangu. Tena nimeumbuliwa na kuku ambaye hakuwepo.

Naandika nikiwa nimejifunika mablanketi mawili. Msidhani ni baridi peke yake. (Baridi nayo ipo. Tunduma ya mwezi wa saba si ya kuchezea. Mimi mtu wa Muheza, niliyezaliwa nikitoka jasho, huku navaa soksi mpaka msalani.)

Kwa wasionijua: naitwa Salumu, kazi yangu ni kushona maturubai ya malori. Nilikuja huku mwanzoni mwa mwaka, nikapanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye wapangaji wengi. Mama Zuwena na watoto wamebaki Muheza kwa sababu ya shule.

Wapangaji wenzangu si watu wabaya. Mkikutana uani wanasalimia vizuri kabisa. Ila baridi ikianza watu wanapika ndani, wanakula ndani, wanacheka ndani. Kwetu ukiona mlango umefungwa mchana unajua kuna mgonjwa. Huku mlango ukifungwa ujue ugali umeiva. Basi mimi nikitoka kazini nafungua kufuli, naingia, nakaa kitandani na koti langu, nasikiliza vijiko vya watu.

Kiumbe pekee anayenitembelea ni tetea mweusi wa Mama Tumaini, jirani yangu wa chumba cha pili. Kila asubuhi anakuja mlangoni. Namtupia makombo ya chapati, anadonoa, ananitazama kwa jicho moja, anakwenda zake. Namsalimia. Namuuliza kulala. (Ndiyo, nasalimiana na kuku. Subirini, hayo bado ni madogo.)

Sasa, juzi kuna dereva Mzambia, Ba Chanda, upepo ulimpasulia turubai njiani. Nikamshonea vizuri. Akapanda kwenye kichwa cha lori, akashuka na boksi, umbo kama la pakiti ya maziwa.

"Ba fundi, zawadi. Hii kuku."

"Kuku yuko wapi?"

"Ndani. Wamempika kiwandani, wamemtoa, yamebaki maji yake. Wewe weka viazi tu. Natotela sana!"

Natotela ndiyo asante yao, na Ba ndiyo heshima yao. Nikaligeuza boksi kutafuta alama ya halali, nikaiona, nikampa asante yangu.

Leo Jumapili, hakuna kazi. Wenzangu karibu wote wamekwenda kanisani. Upepo unapiga mabati, jua limetoka lakini halina kazi, ni la picha tu. Nikasema: leo napika kama binadamu.

Nikamenya viazi. Nikakata karoti na ndizi mbichi. Nikatwanga kitunguu saumu na tangawizi. Jiko la mkaa nikaliweka karibu na mlango, na mlango nikauacha wazi nusu, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa haukawii kukuzika. Nikakata boksi kwa mkasi wa maturubai, nikamimina.

Jamani! Harufu!

Ilikuwa harufu ya Idi. Harufu ya nyumba ambayo watu wako sebuleni wanasubiri. Nilisimama na mwiko mkononi nikajikuta nageuka kutazama nyuma, kama nitaona mtu. (Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ndoo.)

Hapo hapo Mama Zuwena akapiga simu.

"Baba Zuwena, umekula?"

"Ndiyo napika. Leo nimechinja kuku!"

Mtaniuliza kwa nini nilisema vile. Mke wangu kila akipiga anauliza nimekula nini. Nikimjibu chai na mkate, anasema taratibu, "Si urudi tu?" Ile sauti inanimaliza. Nikaona mwanamke wa watu leo nimpe kuku, alale salama.

"Umemchinja mwenyewe?"

"Mwenyewe!" Nikapaza sauti, maana karibu na mpaka mtandao unayumba, mara uko Tanzania, mara umevuka.

"Mkubwa?"

"Mnono! Tetea mweusi, anang'aa!"

(Ndugu zangu, mimi huku kuku ninayemfahamu ni mmoja tu. Ningemsifia nani mwingine?)

"Na wenzio wapo?"

"Wapo, wanakuja." Simu ikakata.

Nikaendelea kukoroga. Nikasikia watu wanarudi kutoka kanisani. Nikamsikia Mama Tumaini uani, "Ti ti ti ti!" Akazunguka nyuma ya choo, "Ti ti ti!" Akarudi. Sikutilia maanani. Kila mtu na kuku wake.

Kisha uani kukawa kimya. Kisha, "Hodi!"

Tangu nihamie, hakuna mtu aliyewahi kupiga hodi kwangu. Nikafuta kigoda kwa kiganja. Nikatandika kitanda kwa mkono mmoja.

"Karibuni! Karibuni sana!"

Mlango ukafunguka wote. Mbele Mama Tumaini, bado na kitenge cha kanisani. Nyuma yake Mzee Siame, balozi wetu wa nyumba kumi, anayekaa chumba cha mwisho, ndani ya lile koti lake refu. Nyuma ya Mzee Siame, wapangaji waliobaki. Wote! Nikasema, Mungu wangu, harufu imewaita. (Nikaanza kuwaza sahani. Ninazo mbili.)

"Karibuni, chakula kiko tayari."

"Tunajua," akasema Mama Tumaini. "Tumekisikia tangu barabarani. Fundi, kuku wangu yuko wapi?"

"Kuku gani, mama?"

"Mweusi. Mnono. Anang'aa."

Nikahisi baridi mpya kabisa. Nyumba yetu haina dari. Kuta zinaishia katikati, juu ni mabati ya wote. Kumbe kuna waliobaki nyumbani, na nilichomwambia mke wangu nilikuwa nawatangazia na wao.

"Sisi tuko kanisani tunaomba," akasema Mama Tumaini, sauti inapanda, "wewe huku umeshika kisu!"

"Mama, humu hakuna kuku. Ni boksi."

Nikampa Mzee Siame lile boksi. Akaligeuza. Akalitikisa. Akalinusa.

"Picha ya kuku ipo," akasema. "Ila huyu mweupe."

"Wangu mweusi," akasema Mama Tumaini.

"Kwa hiyo siye," nikasema haraka.

"Wewe nyamaza!" Akafunua sufuria. Mvuke ukampiga usoni, nikaona hata yeye amemeza mate. "Nyama iko wapi?"

"Haina nyama, mama."

"Mifupa umetupa wapi?"

"Haina mifupa."

"Na manyoya?"

"Mama, boksi litatoa wapi manyoya?"

Akawageukia wenzake. "Hana nyama, hana mifupa, hana manyoya, lakini ananukia mtaa mzima. Mzee, umewahi kumwona kuku wa hivyo?"

"Kwenye mazingaombwe," akajibu Mzee Siame. Kisha akanigeukia, sauti ya chini, ile ya balozi. "Fundi, umesema kwa kinywa chako umechinja. Ulikuwa unamwambia nani?"

"Mke wangu."

"Na mke wako unamdanganya kuku wa nini?"

Jasho likanitoka, la kwanza tangu mwezi wa tano. Mgeni akishaitwa mwizi wa kuku, jina hilo ndilo lake mpaka ahame mji. Na nani atamwachia mwizi wa kuku turubai la lori?

Simu ikaita. Iko kitandani, uso juu: MAMA ZUWENA.

"Pokea," akasema Mzee Siame. "Weka sauti kubwa, tusikie sote."

Nikapokea.

"Baba Zuwena, mtandao ulikata. Nilitaka kukuuliza, umeweka ndimu?"

"Bado."

"Mbona nasikia watu? Eh! Wameshafika? Weka sauti kubwa niwasalimie!"

"Ipo... ipo tayari."

Hapo nilijua linalokuja. Nilitaka kuikata. Lakini simu ilikuwa imeshahamia kwa Mzee Siame, naye ameshajitaja.

"Shikamoo Mzee Siame! Nakushukuru unavyokaa na mume wangu. Ananiambia kila jioni mnacheza bao, na hujamwachia ashinde hata mara moja."

Mzee Siame akanitazama. Mimi na Mzee Siame, tangu nije, tumeongea habari ya maji kukatika. Basi.

"Na Mama Tumaini yupo? Dada yangu, Mungu akulipe kwa yale maziwa unayomletea. Na alipougua homa ukamkorogea uji, ukakaa naye mpaka akalala. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi nipande basi nije. Akaniambia usije, Mama Tumaini yupo."

Viazi tu ndivyo vilivyokuwa vinaongea.

Ile homa niliugulia hapa hapa. Uji niliukoroga mwenyewe, nimekaa chini kwa sababu miguu ilikataa kusimama. Hakuna aliyejua. Na sasa wote wanajua, na wamenizunguka, na mimi sina pa kuweka uso. Nikatazama soksi zangu. (Moja ina tundu, kidole gumba kiko nje kinapunga upepo. Hilo nalo waliliona.)

Kuiba kuku ingekuwa afadhali. Mwizi angalau ana kuku.

"Haloo? Mmepotea?"

Nikasubiri Mama Tumaini aseme, mama, mume wako ni mwongo na mwizi. Alikuwa na haki hiyo. Akakohoa. Akarekebisha kitenge.

"Tupo, wifi yangu," akasema. "Maziwa ni kitu kidogo."

Wifi! Nikainua uso. Hakunitazama.

Mzee Siame naye akasogeza mdomo kwenye simu. "Marahaba, mwanangu. Huyu anacheza vibaya sana."

Mke wangu akacheka, kile kicheko chake cha kweli ambacho sijakisikia siku nyingi. "Muoneeni huruma! Haya, kuleni kabla hakijapoa. Firigisi mpeni mzee."

"Tutampa," akasema Mama Tumaini. Simu ikakata.

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mmoja akaanza kusoma kalenda ya mwaka jana ukutani. Mama Tumaini akafunika sufuria polepole.

"Ule uji nani aliukoroga?"

"Mwenyewe."

"Kwa nini hukugonga?"

"Mlango ulikuwa umefungwa."

"Baridi, Fundi!" Akakaribia kulia, au kunipiga, sikuelewa. "Tunafunga kwa sababu ya baridi!"

Kabla sijajibu, chini ya kitanda changu kikalia kitu.

"Ko. Ko. Ko. Kokokokooo!"

Akatoka. Mweusi. Mnono. Anang'aa. Kumbe asubuhi nilipokuwa nafagia aliingia, akakuta gunia langu la vipande vya maturubai, akaona hapa ndipo pa kutagia. Akatazama umati. Akapita katikati ya miguu ya watu, akampita na mwenyewe aliyemfuga kama hamjui, akaja kusimama mbele yangu. Akaniangalia kwa jicho moja. Anasubiri makombo.

Nyumba ililipuka! Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kushika ukuta. "Kumbe Fundi ana mke mdogo!" "Amemfuga kitandani!" Mama Tumaini hakucheka. Alipiga magoti, akaingiza mkono guniani, akatoa yai, akalitia kwenye mkunjo wa kitenge. "Yai langu," akasema. Akamchukua kuku kwapani. Hakuniomba radhi. Mlangoni akasema tu, "Rudisha mlango, baridi inaingia," akaenda zake.

Wakatoka wote, akabaki Mzee Siame. Akachota supu kwa mwiko, akapuliza, akaonja. Akafikiri sana.

"Huyu kuku alikufa akiogelea," akasema.

Nikampa sahani. Akala amesimama, viazi vyote, akakomba na mchuzi. Nikala na mimi, nimekaa kitandani. Sijui niwaelezeje, lakini ndugu zangu, supu ilikuwa tamu.

Alipomaliza akasimamisha kola ya koti, akashika mlango.

"Bao mimi sijui," akasema. "Nacheza drafti. Jioni jioni, pale kwangu, hata kukiwa na baridi."

Akaondoka. Hakusema njoo. Nimekaa hapa nayageuza yale maneno kama alivyoligeuza boksi, sielewi kama nimealikwa au nimesutwa.

Mnaomfahamu Mama Zuwena, naomba haya yaishie humu humu kwenye kundi. Kucheka mnaruhusiwa, naona huko uani bado hawajamaliza. Ila mwenye kujua drafti anitumie ujumbe haraka anieleze kete zinatembeaje, maana mimi nilichodanganya ni bao, na hilo pia silijui.