Bibi wa Dirishani na Kiti cha Mwenyekiti

Jumatatu, 2 Desemba
Mvua. Mkutano wa Chama cha Wapenzi wa Tamthilia za Kale za Kutisha, ukumbi wa kanisa, Scarthwaite. Maureen anaacha uenyekiti, anahamia kwa bintiye Wales. Uchaguzi tarehe kumi na nne, baada ya onyesho letu la Krismasi.

Nakitaka kile kiti. Sijawahi kuongoza kitu maishani, hata foleni. Mpinzani wangu ni Desmond Pilling, mwenye ndevu na projekta yake mwenyewe. Ametangaza tena kwamba aliwahi kupeana mkono na mtu aliyecheza maiti kwenye televisheni mwaka 1971. Watu wakaguna kwa heshima. Nikasema kwa upole kwamba kucheza maiti kila mtu anaweza. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 4 Desemba
Mungu yupo!

Nilikuwa duka la dawa. Mbele yangu bibi mmoja ananunua dawa ya matone ya macho. Nikamsogelea mno, akageuka akanitazama. Ule uso! Averil Stroud, aliyecheza Bibi wa Dirishani katika tamthilia ya televisheni *Nyumba ya Kinamasini*, 1974. Alisimama nyuma ya kioo dakika nzima bila kupepesa, na nchi nzima ikajificha nyuma ya makochi. Mimi nilikuwa mtoto, nimejifunika aproni ya mama. Nimeandika insha ndefu juu ya msiba uliomo katika macho yale. Tamthilia hiyo ndiyo tutakayoonyesha tarehe kumi na nne, na mwenyewe yuko hai, mitaa mitatu tu kutoka kwangu!

Nilimuuliza kama ndiye. Akasema ndiye, kwani kuna nini, na je, mimi niko kwenye foleni au nimesimama tu?

Jumamosi, 7 Desemba
Chai kwa Bibi Stroud. Mpango umekamilika. Picha ikifika pale penye dirisha, yeye atatokea kwenye dirisha halisi la ukumbi, upande wa nje. Mimi nitammulika kwa tochi kutoka chini. Mayowe! Desmond anazimia. Nachaguliwa bila kupingwa.

Amekubali, mradi nimchukue na kumrudisha kwa gari, na apate kitu cha moto. Aliuliza, "Hata mvua ikinyesha, baba?" Nikamjibu sanaa haiogopi mvua. Akanitazama kwa muda mrefu. Hakupepesa hata kidogo. Kipaji hakizeeki.

Alhamisi, 12 Desemba
Desmond ameuliza mbona natabasamu. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nikasifu projekta yake, nikasema atakuwa mwenyekiti mzuri sana. Akanishukuru, akanipa biskuti. Maskini.

Jumamosi, 14 Desemba
Niandike haraka kabla hasira hazijapoa.

Saa kumi na moja jioni, giza tayari, theluji na mvua vimechanganyika. Ukumbi umejaa, picha imeanza. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikamsimamisha bibi penye dirisha, nikapiga magoti kwenye tope, nikawasha tochi. Ndani watu wakageuka. Wakamwona.

Hakuna aliyepiga yowe. Maureen aliinuka akasema, "Jamani, kuna bibi wa watu huko nje analowa!"

Basi ukumbi mzima ukasimama kuomba radhi. Wakamwomba radhi kwa mvua, kwa mlango kuwa mbali, kwa viti kuwa vigumu. Huyu kashika mwavuli, yule kaleta blanketi. Wakamwingiza, wakampa chai na pai mbili za zabibu. Mimi nikabaki na tochi yangu topeni. Nikagonga kioo. Desmond alikuja dirishani, akanitazama, akavuta pazia. Eti mwanga unaharibu picha!

Nilipozunguka hadi mlangoni na kuingia, picha ilikuwa inaendelea. Bibi alikuwa anajitazama. Kumbe hakuwahi kuiona tamthilia yake. Usiku ule ilipoonyeshwa, 1974, alikuwa kazini kwenye jukwaa la mji mwingine, na baadaye ikasemekana kanda imefutwa. Alikuwa amemshika Maureen mkono. "Nilikuwa mzuri, eti?" akasema. Watu wazima wakalia. Na mimi, nakiri.

Kisha Desmond akamuuliza alikoutoa ule msiba wa machoni.

"Msiba gani, mwanangu? Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Saa nne kamili mafundi wanazima taa za studio, hawamsubiri mtu. Na basi langu la mwisho ni saa nne na robo!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mimi sikucheka. Insha yangu ilikuwa mfukoni, imelowa.

Uchaguzi. Maureen alikuwa ameshamwandikisha bibi uanachama, kati ya pai ya kwanza na ya pili. Mikono yote juu kwa Bibi Stroud, hata wa Desmond. Mimi nilipata kura moja. Naifahamu vizuri, niliipiga mwenyewe.

Nikamrudisha kwake. Ahadi ni deni. Mlangoni akanishika shavu, akasema tangu mwaka ule wa 1974 hakuna aliyewahi kumtafuta, Mungu anibariki.

Jumapili, 15 Desemba
Mwenyekiti mpya amepiga simu. Ameniteua kuwa mtengeneza chai. Nimekubali. Anayeshika birika ameshika chama.

Nimeanza insha upya. Inathibitisha kwamba kuogopa kukosa basi ndio msiba wenyewe.

Na nimempata yule maiti wa 1971! Yuko hai, anaishi Leeds, na ameniuliza kama kutakuwa na kitu cha moto. Krismasi ijayo, dirisha lilelile. Kosa la jana nimeshaliona: mlango ulikuwa wazi, wakaweza kumwingiza ndani.

Nimenunua kufuli.