Supu Haikumwona Nguruwe

"Mmesikia? Supu ya mama mkwe imemwogesha mama mkwe mwenyewe!" Chumvi, mtani wa kijiji, alitangaza kabla hata hajakunja miguu mkekani.

Breki, dereva wa lori dogo la kijiji, akainamia kifuu chake cha kava, kinywaji chao cha mizizi. Kesho wazee wake walikuwa wapeleke jino la nyangumi kumposea Litia, na mchana huu mama yake Litia, Bi Salanieta, ametamka mbele ya kanisa zima kwamba bintiye haolewi na mzembe. Roho ilikuwa mkononi.

"Jamani, nguruwe alikatiza," alijitetea. "Nikafunga breki. Mlitaka nimgonge?"

"Mama alikaa wapi?" akauliza Mzee Kipimo, aliyeendesha lori la maji mpaka mgongo ukamgomea.

"Nyuma kabisa, mlangoni. Sufuria mbele yake."

"Na supu ikamfuata?"

"Yote! Mpaka vichwa vya samaki."

"Basi breki hukufunga, mwanangu. Tangi langu lilikuwa na mita ya presha mbele na nyingine nyuma. Nikikanyaga mafuta, maji yanalalia nyuma: mita ya nyuma inapanda, ya mbele inashuka. Nikifunga breki, kinyume chake. Hiyo supu ingekufuata wewe."

"Aa, mzee, yale ni maji. Supu ina tui, nzito."

"Nzito ndiyo inasukuma zaidi!"

Kipimo akalivuta bakuli la kava kwake, ghafla. Kava ikapanda ukingo wa ng'ambo, ikamlowesha Chumvi mapajani.

"Ala! Mimi nimekosa nini?"

"Umekaa mlangoni."

Watu wakacheka hadi machozi. Chumvi, huku akijikung'uta, akamgeukia Breki. "Haya mtani, huyo nguruwe wako alikuwa wa rangi gani?"

Breki akakiweka kifuu chini. Aibu ilimjaa hadi masikioni.

"Hakuna nguruwe," alisema. "Tulisimama pale darajani, nikamsikia mama akimwambia jirani yake, 'Kijana huyu atatufaa.' Nilifurahi mno jamani, mguu ukakanyaga mafuta wenyewe."

"Kumbe ulinisikia?"

Wote wakageuka. Bi Salanieta alikuwa mlangoni, amefuata sufuria yake iliyobaki kwenye lori. Nywele bado zilinuka samaki. Akamtazama Breki, mdomo ukimcheza.

"Haya, kesho wazee wako waje," alisema. "Ila waje kwa miguu."